Nakupa Mji, Baba

Maji ya kunawia ya Mzee Mfaume yalishapoa, yakapashwa, yakapoa tena, na mlango wake bado ulikuwa umefungwa.

Zubeda aliligusa birika kwa mgongo wa kidole, akalinyanyua kutoka kwenye kigoda, akalirudisha jikoni. Alijiambia mzee kachelewa kulala. Alipolileta tena likifuka mvuke, alijiambia mzee katumia maji ya ndoo iliyomo ndani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia, na asubuhi ile Zubeda alikuwa nayo mengi. Jua lilishapanda juu ya ukuta wa uani, kuku walishafunguliwa, na chai ya maziwa ya mzee ilishafanya utando kama ngozi ya ngoma.

Nyumba ile ya Chamazi ilikuwa na utaratibu wake. Faraji akishaondoka na bajaji yake, mkewe Zubeda huweka birika nje ya mlango wa baba mkwe, ule unaotazama uani, kisha hurudi jikoni na kugeuza mgongo. Komeo hulia, mkono hutoka, birika huingia. Baada ya kitambo husikika sauti nyuma ya pazia.

"Kitendawili."

"Tega, Baba."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Mtu na mkwewe wana mipaka. Tangu aolewe Zubeda hajawahi kukanyaga chumba kile wala kukiona kitanda chake. Shuka chafu hutolewa zimefungwa furushi, safi hurudishwa zimekunjwa, kizingiti hakivukwi. Hawezi kumwuliza umelalaje, wala mguu unauma wapi. Lakini habari za yai, kinu na kivuli wanaweza kuulizana mpaka magharibi, na humo ndani ya vitendawili ndimo walimoweka shikamoo zao, pole zao na hata vicheko vyao.

Cha jana kilikuwa kimemshinda. "Nimemjengea nyumba, yeye kalala mlangoni." Zubeda alisema mbwa. Si mbwa. Akasema ufagio, akasema ndara. Mzee akacheka na kudai mji, maana ndiyo sheria: aliyeshindwa humpa mwenzake mji, na mwenye kitendawili huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akashangiliwa, halafu akarudi na jibu. Zubeda aliomba alale nacho kwanza. Alikuwa mbishi, na mzee alimpendea ubishi huo. Tena kumpa Mzee Mfaume mji si kazi nyepesi. Ujana wake wote aliumalizia kufunga na kufungua kamba kwenye pantoni ya Magogoni, kwa hiyo ukimpa Kigamboni anakataa. Anasema huko amekwenda kuliko maji yenyewe.

Sasa alikuwa kimya, na kitendawili chake kilikuwa bado kinadai.

Utasema, si agonge tu? Mkono anao. Basi wewe hukuwapo masika yaliyopita.

Masika yaliyopita mzee alichelewa kutoka hivi hivi, akaitwa, hakuitika. Faraji alichukua nyundo akauvunja mlango, uliokuwa wa mbao wakati huo, huku majirani wako nyuma yake wameshaanza kulia. Wakamkuta baba yao kakaa kitandani na msuli wake kiunoni, spika za masikioni zimezama masikioni, anasikiliza marudio ya mechi, maganda ya karanga yamemjaa mapajani. Mzee alizichomoa zile spika polepole, upande mmoja, halafu wa pili. Akawatazama wote waliokuja kumlilia, uso kwa uso, akauliza, "Mmeniona? Basi."

Jioni ile ile alihamia kwa dada yake Kigamboni. Mtaa ukasema Faraji kamfukuza baba yake ili apangishe chumba. Kila Ijumaa Faraji alivuka maji kwenda kuomba radhi, na kila Ijumaa alirudi peke yake. Mzee alipokubali hatimaye, alirudi na sharti: mlango wake usiguswe na mtu mpaka aite mwenyewe. Akamwita na Romani, fundi wa kuchomelea wa pale mtaani, amtengenezee mlango wa chuma wenye komeo nene la ndani. Romani alijisifu kwamba kwa mlango ule hata tembo akija, atapiga hodi na kusubiri.

Kwa hiyo Zubeda alikuwa amekaa katikati. Akigonga mapema, na mzee yu mzima, mzee atafungasha na safari hii harudi. Akichelewa... hilo la pili hakulimaliza hata kichwani mwake. Alikalia mbuzi akakuna nazi ambayo hakuwa na haja nayo, masikio yote yako mlangoni.

Marietha, mpangaji wao, aliyepakana ukuta na mzee, alitoka na beseni la nguo. Alikuwa mshona nguo, mtu wa Masasi, na ulimi wake ulikuwa na ncha kuliko sindano zake.

"Da Zubeda, hilo birika leo linatembezwa kama bibi harusi. Mmekosana na mzee?"

Zubeda alisema mzee amepumzika. Marietha akakamua gauni moja kwa muda mrefu mno, akafungua mdomo, akaufunga, akaanika gauni.

Ndipo Zubeda akampigia mumewe. Faraji alikuwa Rangi Tatu anasubiri abiria. Aliuliza kama redio inasikika. Haisikiki. Kikohozi? Hakuna. Kisha akasema wasubiri adhana ya adhuhuri, labda mzee ataamka.

"Ukigonga wewe ni mkwe, utamtia aibu," alisema Faraji. "Nikija kugonga mie, ni yale yale ya masika. Ukishindwa kungoja, mwite Bi Mwanakombo, yeye ni mtu mzima mwenzie. Ila kimyakimya."

Kumwita Bi Mwanakombo kimyakimya ni kama kutia maji kimyakimya kwenye mafuta ya moto. Lakini Zubeda alikwenda kumwita.

*

Bi Mwanakombo alikuwa mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa, na alikuwa mwenyekiti mwenye bidii. Alifika na khanga mbili na simu mbili. Hakugonga. Aliweka sikio kwenye chuma, akafumba macho, akavuta pumzi kwenye tundu la ufunguo kama mtu anayeonja mchuzi, akarudi nyuma.

"Mlango huu umenyamaza vibaya," alisema.

Zubeda aliuliza kama si afadhali wagonge kidogo.

"Mwanangu, maiti hagongewi."

Akaeleza kwamba amezika watu wengi katika mtaa huu na milango anaijua. Upo mlango uliofungwa na aliyelala, na upo uliofungwa na aliyeondoka, na mwenye uzoefu hababaiki. Huku anasema, kidole gumba kilikuwa kinaandika kwenye simu. Kabla Zubeda hajapata neno la kujibu, kundi la chama lilishapata habari kwamba Mzee Mfaume wa Chamazi hatunaye.

Hapo lazima niwaeleze kidogo habari za chama kile, maana bila hivyo mtawaona watu wale ni wabaya, na hawakuwa wabaya. Katiba yao ilikuwa na vifungu vya sanda, jeneza, turubai na masufuria, na faini kwa mwanachama atakayechelewa msibani. Kifungu cha kumchelewea mtu aliye hai hakikuwamo. Basi huko kila mtu alichelewa bila wasiwasi.

Lakini msibani waliwahi. Walikuja na mikeka mabegani na visu vya vitunguu mkononi. Vijana wakachimbia nguzo, turubai likapanda, viti vya plastiki vikashushwa kutoka kwenye guta. Mtu akaleta spika, ikawekwa karibu kabisa na mlango wa mzee kwa kuwa umeme ulikuwa upande huo, ikaanza kutoa kaswida. Moto ukawashwa uani. Kuku wa Zubeda, waliokuwa wametoka asubuhi kwa amani, walihesabiwa kwa macho na wanawake wawili waliokuwa wanajua walichokuwa wanatafuta.

Zubeda mwenyewe alifungwa khanga nyeusi kichwani na kukalishwa mkekani, akaambiwa yeye ni mfiwa, asiguse kitu. Alipoinuka kwenda kulitazama birika, alishikwa bega akakalishwa. Alipoinuka tena kusema kwamba mlango bado haujafunguliwa, alishikwa mabega yote mawili.

"Lia, mwanangu. Lia tu."

Hakuweza kulia. Alikuwa hajapewa habari ya kulilia. Na jambo hilo halikuwapita wale wanawake, maana mkekani machozi hutazamwa kama nauli: kila aliyepanda aonyeshe.

"Mkamwana hana hata chozi," alisema mmoja, kwa sauti ile ya chini inayokusudiwa kusikika.

"Atalia vipi? Chumba si kinarudi kwake?"

Zubeda aliinamisha kichwa. Alikuwa amepasha maji ya mzee yule tangu alipokuwa bibi harusi, na leo amekalishwa mbele ya watu kama mwizi anayesubiri mgambo.

*

Mzee Gozbert, mjumbe wa shina, alifika na faili lake chini ya kwapa na muhuri mfukoni mwa shati. Alikuwa karani aliyestaafu, na tangu astaafu hakuwahi kuona jambo lisilohitaji karani. Aliuzunguka mlango, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba mlango wa mtu aliyefariki peke yake haufunguliwi bila askari polisi.

Marietha, aliyekuwa anamenya vitunguu karibu na hapo, alisema kwa adabu yote kwamba hawajui kama amefariki.

"Kama hajafariki," alisema Mzee Gozbert, "basi ni mlango wa mtu aliye hai, na haufunguliwi bila ruhusa yake mwenyewe."

"Sasa tutajuaje ni yupi?"

"Mpaka mlango ufunguliwe."

Watu waliitikia kwa vichwa. Lilikuwa neno zito na halina pa kulishika. Mjumbe akapewa kiti cha kivulini na soda, akasubiri polisi ambao hakuna aliyekuwa amewapigia.

Romani fundi naye alikuwapo. Wazee walimwuliza kama anaweza kuukata mlango wake. Akasema chuma kile ni kinene. Akasema mashine yake ya kukatia iko Mbande kwa mteja. Akasema umeme wa spika na wa mashine hauwezi kwenda pamoja. Kila alipokuwa akitoa sababu alikuwa akitazama upande wa mlango kisha akitazama pembeni, na jasho lilimtoka kuliko mpishi wa pilau.

Ndipo bajaji ya Faraji ikaingia. Alikuja kugonga mlango. Njia nzima kutoka Rangi Tatu alikuwa amejisemea kwamba potelea mbali, atagonga, na baba akitaka kwenda Kigamboni atampeleka mwenyewe. Lakini alipokata kona aliona turubai juu ya paa la nyumba yake.

Aliacha bajaji katikati ya njia ikiwa inaunguruma. Aliuliza, amefariki saa ngapi?

"Alfajiri," waliitikia watu kwa uhakika kamili. Walisema hivyo kwa kuwa ndivyo walivyoambiwa, na waliowaambia walikuwa wameambiwa, na ukiifuata kamba yote hiyo mpaka mwisho ulikuta kidole gumba cha Bi Mwanakombo.

Faraji akaanguka chini. Wanaume wakamdaka, wakamkumbatia, wakamkalisha, wakamwambia awe mwanamume. Alipotaka kwenda mlangoni walimzuia wasije wakapata misiba miwili. Basi mtu pekee aliyekuja kugonga ule mlango alikuwa ameshikiliwa na majirani wanne wenye upendo, na hawakuwa tayari kumwachia.

*

Marietha alikuja mkekani kwa Zubeda na bakuli la maji. Alijifanya anamfunga khanga vizuri, mdomo ukiwa sikioni.

"Da Zubeda, alfajiri nilisikia kishindo ukutani kwangu. Kama gunia limeangushwa."

Zubeda alimgeukia. "Na hukusema?"

"Nyumba ya kupanga hii, dada. Ukisikia ya chumba cha mwenzio unajifanya huna masikio. Ndivyo tunavyoishi." Marietha alikaza fundo la khanga. "Halafu kulikuwa na mkwaruzo. Kwenye chuma. Kama panya. Nilidhani panya."

"Lini?"

"Nimeusikia tena muda si mrefu. Kabla hawajawasha hiyo spika."

Zubeda aliinuka. Waliomshika bega aliwaponyoka, khanga ikamwangukia mabegani. Alipita katikati ya mikeka akiwa amevaa kiatu mguu mmoja, akafika kwenye spika, akachomoa waya. Kaswida ikakatika katikati ya neno. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata mpishi aliacha kukoroga. Wote walimtazama, na waliosema hana chozi sasa waliona kumbe hana na akili.

Alipiga magoti mbele ya mlango wa baba mkwe wake. Kisha akalala kifudifudi, shavu kwenye saruji, mdomo kwenye ule upenyo wa chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchungulia chumba kile. Hakuona kitu isipokuwa kiza, na kwenye kiza kuna kitu kilichoziba mwanga.

Sasa atasema nini? Jina hawezi kumtaja, ni mkwe. Umelalaje hawezi. Umekufa haiulizwi. Alitafuta neno katika maneno yote ya duniani yanayoruhusiwa kati ya mkamwana na baba mkwe, na lilikuwapo moja tu, tena lilikuwa deni lake tangu jana.

"Baba," alisema. "Kile cha jana kimenishinda. Nakupa mji."

Hakuna kilichojibu. Nyuma yake Bi Mwanakombo alianza kumwombea dua ya kichaa.

Halafu chini kabisa, karibu hata pumzi ilimgusa shavuni, kitu kikavu kikasema:

"Mji gani?"

Bi Mwanakombo, aliyeijua milango yote, ndiye aliyetangulia kukimbia. Kiatu chake kilikutwa kesho yake kwenye shimo la nguzo ya turubai. Lakini Zubeda hakuona hayo.

"Kigamboni, Baba."

Ikapita pumzi moja ndefu.

"Kigamboni... sitaki."

Hapo ndipo machozi yakamtoka. Yalimtoka pamoja na kicheko, yakamwagika kwenye saruji, akawa analia na kucheka na kupiga kiganja chini, na wale wanawake wakapata walichokuwa wanakisubiri tangu asubuhi, wala hawakujua wakifanyie nini.

"Nakupa Mwenge. Nakupa Chamazi yote na uwanja wake wa mpira. Niambie jibu, Baba."

"Komeo," ilisema ile sauti. "Jibu lake komeo. Leo ni mimi."

*

Mzee Gozbert alikuwa mwepesi wa sheria, hilo hatumnyimi. Aliacha soda, akasogea mlangoni, akainama kidogo na kuuliza rasmi, kwa kuwa sasa mwenye mlango ameonekana yu hai, je, anaridhia ufunguliwe? Hakupata kumaliza. Faraji alikuwa ameponyoka kwa wale wanne, amekuja na nyundo ile ile ya masika.

"Usipige," alisema Romani.

Alisema kwa sauti ndogo sana. Alichukua ile nyundo mkononi mwa Faraji, akaokota msumari mnene chini, akauweka chini ya bawaba ya juu, akagonga. Pini ikaruka. Akagonga ya chini. Pini ikaruka. Halafu mlango wa kuzuia tembo ulinyanyuliwa na watu wawili kama kifuniko cha sufuria, ukaegemezwa ukutani.

Bawaba zilikuwa nje. Zilikuwa nje tangu siku ya kwanza. Macho ya watu yalitoka kwenye bawaba yakaenda kwa Romani, kisha yakaanza kutazamana, maana nusu ya mtaa ule milango yao aliitengeneza yeye.

"Ulijua tangu asubuhi?" Faraji alimwuliza.

"Sasa kaka, ningeanzaje kusema," alijibu Romani, "na wateja wote wamekaa hapa?"

Mzee Mfaume alikuwa amelala kizingitini, mguu mmoja umemkalia vibaya, mkono mmoja umenyooka kuelekea lilipokuwa komeo ambalo hakulifikia. Alikuwa amejilowesha. Wanaume waliokuwa mbele waliona, na kwa heshima yao wakageuza nyuso, kila mmoja akisubiri mwingine atangulie. Faraji alisimama na mikono miwili hewani kama mtu anayepewa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza, hajui aanzie wapi kumgusa baba yake.

Zubeda alivuka kizingiti. Alikivuka kwa mguu ule wenye kiatu kwanza, halafu ule mtupu. Akaitwaa ile khanga nyeusi aliyokuwa amefungwa kichwani, iliyokuwa imemwangukia mabegani, akamfunika nayo mzee kiunoni. Akakaa chini, akakiinua kichwa chake akakiweka mapajani, akaagiza maji ya vuguvugu.

Marietha alilileta birika. Lilikuwa limekaa karibu na moto wa pilau, bado lina joto kidogo.

*

Hospitalini daktari, binti mdogo mwenye macho ya usingizi, alisema ni presha, na nyonga imepata ufa. Angewahishwa, mguu ungekuwa na nafuu zaidi. Aliuliza alianguka saa ngapi. Faraji akasema alfajiri.

"Alfajiri? Nyie mlikuwa wapi siku nzima?"

Faraji alitazama ukuta. "Tulikuwepo, dokta," alisema. "Tulikuwa mlangoni."

Huku nyumbani pilau lilikuwa limeshaiva, na pilau lililoiva halina jinsi. Walilila chini ya turubai. Wengine walisema ni la shukrani, wengine walisema ni msiba ulioahirishwa, na mhazini wa chama alitaka kujua gharama zinaandikwa wapi. Baada ya mjadala mrefu iliamuliwa kwamba zitakatwa kwenye msiba wenyewe hapo utakapotokea. Kuku wawili wa Zubeda hawakuonekana tena.

Mzee aliporudi, na mkongojo wake mpya, walikuja kumjulia hali kwa zamu. Aliwapokea wote kwa ukarimu, amekaa uani kwenye kiti chake, na ndipo walipogundua kwamba sikio la mtu aliyelala chini ya mlango husikia vizuri sana. Mjumbe Gozbert alimwuliza anaendeleaje, naye akajibu kwamba hawezi kusema mpaka polisi wafike. Wale wanawake wawili wa mkekani walipoleta uji, aliwauliza kama leo nao wamekuja na machozi au wamesahau nyumbani. Bi Mwanakombo alikaa nje ya lango muda mrefu kabla ya kuingia.

"Karibu, Mwanakombo," alisema mzee. "Hebu niwekee sikio hapa kifuani. Pamenyamaza vipi?"

Alicheka mwenyewe, akakohoa, na Bi Mwanakombo akacheka kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kwenda. Romani alikuja na bawaba mpya, akazichomelea kwa ndani bila kuagizwa, kisha akaondoka haraka, maana kwenye milango ya watu alikuwa na safari ndefu.

Lakini lile sharti mzee hakulifuta. Faraji alitaka komeo litolewe. Walibishana mchana mzima, baba na mwana, hadi mzee akakubali litolewe, ila mtu asiingie kabla hajaita. Faraji akauliza, na usipoita je? Mzee akachukua mkongojo wake, akaingia ndani, akavuta pazia. Alikuwa amelia hospitalini, mara moja, usiku, alipodhani wamelala, na hakutaka aulizwe jambo lolote tena linalofanana na hilo.

*

Asubuhi moja Faraji aliondoka na bajaji kama kawaida. Zubeda aliweka birika kwenye kigoda, akaelekea jikoni. Alitega sikio.

Hakuna komeo la kulia, komeo lilishatolewa. Mkono haukutoka. Alisimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, akiangalia mvuke unavyopanda kutoka kwenye mdomo wa birika na kuinama upande upande. Kuku walimpita miguuni. Kwa Marietha cherehani ilikuwa inakwenda, ikasimama.

Zubeda alirudi hadi kwenye mlango.

"Kitendawili," alisema yeye.

Kimya.

Hakungoja mvuke uishe. Alinyanyua birika, akausukuma mlango kwa kiwiko, akaingia.

Mzee Mfaume alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea ukuta, msuli umefika nusu, mkongojo uko kwapani na mswaki umejaa mdomoni na mapovu yamefika kidevuni. Alimkodolea macho. Akaudaka msuli kwa mkono mmoja, akauvuta juu, akayumba, akajishika kwenye kitanda.

"Mkamwana," alisema kupitia povu, "si ungesubiri kidogo."

"Nilishasubiri siku ile, Baba."

Aliliweka birika chini, pembeni ya kitanda, mahali ambapo mkono wa mzee ungelifikia bila kuinama. Kisha akageuza mgongo, kama alivyozoea siku zote, ila safari hii alisimama hapo hapo, ndani ya kizingiti, uso wake ukitazama uani.

Nyuma yake maji yalimiminika. Mzee alisukutua, akatema, akajifuta, hakuwa na haraka yoyote. Halafu akakohoa kikohozi chake cha kila siku.

"Tega," alisema.